HESABU KWANZA, USHURU BAADAYE

KILA mwaka, baina ya Januari na Machi, madiwani wa halmashauri za Tanzania Bara huketi kupitisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kikao hufunguliwa kwa dua asubuhi, na mara nyingi adhuhuri haijafika kimekwisha. Mabilioni ya shilingi hupita kwa sauti moja ya "ndiyo". Mwananchi ambaye ushuru wake ndio uliojaza vitabu hivyo hupata habari baadaye, siku karani wa ushuru anapomfikia gengeni na mashine yake mkononi, akamwambia kuwa kiwango si kile cha mwaka jana.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kuitazama kata moja, nayo ni Olasiti, iliyoko magharibi ya Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Msomaji wetu wa Visiwani atauliza Olasiti inamhusu nini. Inamhusu kuanzia sokoni. Karoti, viazi na vitunguu vinavyoshushwa Mwanakwerekwe na Darajani vingi vinatoka Bara, na mikoa ya kaskazini imo miongoni mwa wanaotuletea. Shehena inayotoka huko inaweza kuwa imekwisha kulipiwa ushuru wa mazao kabla haijaona bahari. Mwaka 2017 Serikali ya Muungano iliupunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikawasamehe wenye kusafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kabla ya hapo mama wa Kikwajuni alikuwa akililipia, bila ya kujua, azimio lililopitishwa katika ukumbi wa halmashauri ambayo hata jina lake hakupata kulisikia. Hiyo ni sababu moja. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba maradhi tutakayoyataja hayakuishia Bara.

Olasiti si shamba tena, na bado haijawa mji uliokamilika. Palipokuwa na mahindi, malisho na miti ya kahawa pamechipua nyumba za kupanga, fremu za maduka, gereji na magenge ya mboga. Katika kata jirani ya Olmoti, ujenzi wa uwanja mkubwa wa mpira ulianza mwaka 2024 kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na kila mwenye kipande cha ardhi upande ule amekuwa akipiga hesabu zake. Watu wanaoongezeka kwa kasi namna hiyo huhitaji zahanati, madarasa, mifereji ya maji ya mvua na mahali pa kutupa taka, na yote hayo yana gharama. Hatumo, basi, katika kundi la wale wanaodai kuwa wananchi wasitozwe. Asiyetaka kuchangia asilalamike mtaro unapoziba. Shabaha yetu ni nyingine.

Tumtazame mkazi wa kawaida wa kata hii, fundi seremala aliyepanga chumba kimoja, ambaye mkewe anauza nyanya gengeni. Mke hulipa ushuru wa soko. Mume hulipia leseni ya biashara. Wote wawili huchangia ada ya taka. Jioni mume akinunua umeme wa LUKU hukuta sehemu ya fedha yake imekatwa: hiyo ni kodi ya jengo. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ukapanda hadi shilingi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Kwa jengo la ghorofa kiwango kikawa shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa. Sheria inamtambua mwenye jengo kuwa ndiye mlipaji. Anayenunua umeme, hata hivyo, ni mpangaji. Wapo waliomshauri akaelewane na mwenye nyumba ili fedha hiyo ipunguzwe katika pango lake. Washauri hao, kwa maoni yetu, hawajapata kupanga chumba.

Hatuupingi ukusanyaji kwa njia ya umeme. Umewaondolea watu safari za kwenda ofisini, umezuia fedha kupita mikononi mwa watu wengi, na wenye nyumba ambao kwa miaka walikuwa hawalipi chochote sasa wanalipa. Lakini ulipookoa muda ulikata kitu kingine. Zamani mwenye nyumba alipokwenda kulipa kwenye ofisi za manispaa alimwona mtu wa kumuuliza: "Hii yangu inakwenda wapi?" Hakujibiwa vizuri kila mara, lakini aliuliza. Siku hizi kodi ya jengo inakatwa na mita iliyoko ukutani, inakusanywa chini ya Mamlaka ya Mapato, na hadi irudi katika halmashauri kama sehemu ya mgawo, fundi wetu amekwisha kusahau kuwa aliwahi kulipa.

Sasa masika yanaingia, na barabara ya mtaani inageuka tope hata pikipiki haipiti. Fundi anamwendea diwani wake. Diwani anamjibu, na anasema kweli, kwamba barabara za mijini na vijijini zimo mikononi mwa TARURA tangu Julai 2017. Anauliza juu ya maji. Maji ni ya AUWSA, mamlaka yenye bodi yake na ankara zake. Anauliza juu ya umeme uliokatika. Hilo ni la TANESCO. Uwanja wa mpira wa Olmoti ni mradi wa Serikali Kuu. Hata ada ya kuegesha gari mjini, ambayo kila mtu alidhani ni ya jiji, imekuwa ikikusanywa na TARURA. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake utamkuta ana haki. Ukiwasikiliza wote pamoja utamkuta mwananchi ametoa fedha mahali saba asipate hata mmoja wa kumwambia, "Ndiyo, hili ni langu, niulize mimi."

Katika hali hiyo si ajabu mikutano ya mitaa kukosa watu. Viongozi wengi hulalamika kuwa wananchi hawahudhurii. Tunawauliza: wahudhurie kusikiliza nini? Mtu hafungi genge lake mchana kutwa ili aende akaorodheshe mahitaji, orodha ipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ipande hadi kwa wakuu wa idara, kisha isirudi tena kwake hata kwa neno la "haikuwezekana". Akienda mwaka wa kwanza, na wa pili, wa tatu atabaki gengeni.

Watu wa mlima huu wana historia ndefu ya kutoa, na pia ya kukataa. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wameru hao hao, waliokuwa wakitozwa kodi ya kichwa kwa amri, walichanga fedha zao kwa hiari, na mwaka 1952 wakampeleka Ndugu Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kuisema dhulma ile mbele ya dunia. Hakukuwa na karani wala askari wa kuwasukuma. Kila aliyetoa alijua fedha yake ni ya safari gani na nani anaibeba. Mwaka huo huo wa 1951, sisi huku Unguja tulikuwa na Vita vya Ng'ombe vya Kiembe Samaki, ambapo wakulima, waliokuwa wamekwisha kuumizwa na kuchukuliwa ardhi yao, walikataa ng'ombe wao kudungwa sindano kwa amri ya serikali, na damu ikamwagika. Wakubwa wa wakati ule walisema wakulima wale hawakufahamu faida ya chanjo. Yaelekea hawakuifahamu. Na nani alikwenda kuwafahamisha kabla ya kuwapelekea polisi?

Walio wepesi wa kusema kuwa hayo yalikuwa ya wakoloni wakumbuke mwaka 1998. Mwaka huo, katika wilaya ya Arumeru inayoizunguka Arusha, wananchi waligoma kulipa kodi ya maendeleo iliyokuwa ikitozwa na halmashauri yao wenyewe, yenye madiwani waliowachagua wenyewe. Mgomo ule ukawa mgogoro mkubwa, na wataalamu wa nchi za nje waliuandikia makala. Kodi ya maendeleo ilikuwa ya kila mtu mzima, tajiri na maskini, na katika wilaya nyingi za nchi ilikusanywa kwa vizuizi vya barabarani na kwa mgambo wa kugonga milango alfajiri. Mwaka 2003 Serikali iliifuta, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa kero, na wananchi wakashangilia. Walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini halmashauri zilizopoteza chanzo hicho zilianza kuishi kwa ruzuku ya Hazina, na mwenye kuishi kwa ruzuku humtazama anayempa ruzuku, akampa kisogo mlipa kodi wake.

Jambo kama hilo lilijirudia Desemba 2018, vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipotolewa kwa shilingi 20,000. Mchuuzi mwenye kitambulisho aliachana na ushuru wa kila siku, akapumua. Halmashauri, ambayo kazi ya kufagia soko ilibaki kuwa yake, ikaona pengo katika makisio iliyokwisha kuyapitisha. Hatusemi uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa mchuuzi. Tunasema ulifanywa juu, na pengo likaachwa chini.

Sisi katika Chama tunayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili bila ya kuoneana haya. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi juu ya kibri, ukataka wananchi washirikishwe katika mipango inayowahusu. Mwaka uliofuata, 1972, tukazivunja halmashauri za wilaya na kuziita kazi zake Madaraka Mikoani, na baadaye mabaraza ya miji nayo yakafuata. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini yalikwenda mikononi mwa maofisa. Miji ilipochafuka mno ikabidi mabaraza yake yarudishwe mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka huo wa 1984, alikiri kuwa kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Kiongozi wa kimo chake aliweza kutamka neno hilo. Hatuoni kwa nini mwenyekiti wa kamati ya fedha wa leo ashindwe kutamka kuwa makisio ya mwaka jana yalikosewa.

Na tuseme lile ambalo makada husemezana chini chini. Mara nyingi bajeti ya halmashauri haijadiliwi katika Baraza la Madiwani. Hujadiliwa, ikijadiliwa, katika kikao cha madiwani wa Chama siku moja kabla, milango ikiwa imefungwa. Humo ndimo diwani anapouliza maswali makali, na humo ndimo anapoambiwa ayamezee. Kesho yake, mbele ya wananchi wachache waliofika na waandishi wa habari, kila mtu anaunga mkono hoja. Umoja ni silaha ya Chama, hatuubezi. Lakini umoja wa kunyamaza juu ya hesabu za watu haukukusudiwa na walioanzisha Chama hiki, nao humuumiza diwani mwenyewe, kwa sababu siku ya uchaguzi wananchi hawajui kuwa alisema jambo lolote.

Zaidi ya hayo kuna suala la amana. Tuliofunzwa tangu chuoni, kabla ya kujua kuandika, kwamba mali ya mtu iliyo mkononi mwako ni amana na itaulizwa, tunasoma kwa masikitiko ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka hata mwaka ripoti hizo zimetaja halmashauri ambazo fedha zilikusanywa kwa mashine, risiti zikatoka, na fedha hazikufika benki. Mashine ililetwa ili kumzuia mwizi wa vitabu vya risiti, naye akajifunza mashine. Mfumo wa TAUSI na namba za malipo umepunguza mianya, na wale walioubuni wanastahili pongezi. Lakini hakuna mfumo unaoweza kumzidi mama wa genge anayejua kuwa soko lake lina meza ngapi, kila meza inalipa kiasi gani kwa siku, na kwa hiyo mwezi mzima uzae shilingi ngapi. Mkaguzi huyu halipwi mshahara wala posho. Anachokosa ni karatasi ya kulinganisha.

Karatasi hiyo ndiyo tunayoidai. Kabla halmashauri yoyote haijapendekeza kuongeza ushuru, ada au faini, itoe kwa kila mtaa hesabu ya mwaka uliotangulia: kilichokusanywa katika mtaa ule kwa kila chanzo, kilichotumika katika mtaa ule, na kilichopelekwa kwingine na kwa sababu gani. Iandikwe kwa Kiswahili cha watu, si kwa vifungu vya kasma. Ibandikwe katika ofisi ya mtaa, na nakala zipelekwe misikitini na makanisani, ambako watu wapo hata pasipo na mkutano. Iseme wazi barabara ni ya nani, maji ni ya nani, na jina la cheo cha mtu wa kuulizwa. Itaje na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka halmashauri iwakopeshe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mafungu ya 4, 4 na 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zilizojulikana na wote, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wananchi wa Olasiti wana haki ya kujua vikundi vingapi vya kwao vilikopeshwa na vingapi vimerejesha, ili wanaodaiwa waone haya mbele ya majirani zao. Haya ya jirani hukusanya madeni kuliko barua ya mwanasheria.

Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 146 inasema kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kuwapa wananchi madaraka. Sheria ndogo za ushuru nazo hutakiwa zitangazwe ili wananchi watoe maoni yao kabla hazijapitishwa. Tangazo likibandikwa ndani ya jengo la halmashauri, kwenye ubao ulio nyuma ya kaunta, sheria imetimizwa na wananchi hawajaambiwa kitu.

Kwa maofisa wetu wa Visiwani tuna neno pia, wasidhani tumewavukisha bahari ili wastarehe. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Tuna sheria yetu, Namba 7 ya mwaka 2014, tuna mabaraza ya manispaa na ya miji, tuna halmashauri, na mwaka 2017 Serikali ya Mapinduzi ilianza ugatuzi kwa kuzikabidhi serikali hizo majukumu katika elimu, afya ya msingi na kilimo. Olasiti ina mwenyekiti wa mtaa aliyepigiwa kura, kwani uchaguzi wa mwisho wa mitaa huko Bara ulifanyika Novemba 27, 2024. Sheha wetu huteuliwa. Kwa hiyo mwananchi wa shehia ya Jang'ombe asiyeridhika na hesabu za baraza lake hawezi kumwadhibu sheha kwa kura, na hana mlango mwingine wa karibu isipokuwa kwa diwani wake. Basi huku ndiko karatasi ile inakohitajika zaidi. Mchuuzi wa Darajani na mvuvi anayelipia ushuru wa samaki mnadani hawajui, kama asivyojua muuza nyanya wa Olasiti, ni shilingi ngapi ya jana iliyorudi kufagia pale wanapokaa.

Tunajua jawabu litakalotolewa na baadhi ya wataalamu, kwa sababu tumelisikia mara nyingi: kwamba bajeti ni kitu kigumu na wananchi hawana elimu ya kuisoma. Tunawaomba wataalamu hao waende siku moja kwenye kikao cha kikoba, Olasiti au Mwera, popote walipo karibu. Watakuta sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zimeshikwa na wanachama watatu mbalimbali. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote. Fedha iliyomo huhesabiwa kwa sauti na kulinganishwa na ile iliyokumbukwa kikao kilichopita, na ikipungua shilingi mia mbili, kikao husimama hapo mpaka ionekane. Hisa mpya hupokelewa baada ya hapo.